Tiyo ya maji na fosi kwenye parsele mpya: nani alipe?

mkaaji_keshero
Jambo wandugu. Tuko watu 12 tulinunua parsele (viwanja) huku juu Keshero, mjini Goma. Mwenye kuuza alituambia maji itafika, sasa anasema kila mtu atoe pesa ya kuvuta tiyo toka barabara kubwa, kontere ya kupima maji ni kando, na maji machafu kila mtu achimbe fosi yake. Na jiwe la hapa munalijua, wiki jana vijana wawili wamepiga baramini, ile fimbo ya chuma ya kuvunja jiwe, toka asubuhi mpaka saa kumi shimo likafika kwenye goti tu. Hii ni haki kweli? Na jirani atakayekuja mwaka kesho atachomeka bure kwenye tiyo yetu?

fundi_tiyo
Ndugu hilo la mwisho ndiyo swali lenyewe. Nimeona wanne wanatoa pesa yote, kisha watu 20 wako juu ya tiyo ileile, presha inaisha, na wale wa kwanza ndio wanaamka saa nane za usiku kujaza bido. Andikeni karatasi mbele ya kuchimba.

dada_seattle
Huku Washington, Marekani, anayejenga mtaa analaza tiyo ya maji machafu kwa pesa yake, akimaliza anaikabidhi mji. Lakini sheria inamruhusu kufanya mkataba, kwa miaka 20 kila anayejiunga nyuma analipa sehemu yake, na pesa hiyo anarudishiwa yule aliyejenga. Pesa ya kujiunga na mtandao wa mji ni kando. Mwisho mnunuzi ndiye analipa, iko ndani ya bei ya nyumba.

mama_himbi
Sawa dada, ila Goma haina mtandao wa kujiunga nao. Jiwe letu la volkano lina nyufa, fosi isiyopigwa sima vizuri inavuja chini, na maji tunavuta kwenye ziwa Kivu, kolera tunaijua. Achaneni na mashimo 12! Jengeni moja kubwa ya pamoja, muuzaji atoe kipande cha parsele kando ya barabara. Kwetu fosi iko nyuma ya nyumba, siku ilipojaa tulibomoa ukuta ndiyo mpira wa gari ya kunyonya ufike.

mkaaji_keshero
Asanteni sana, jumapili tunakutana na muuzaji, karatasi naandika leo. Fundi, mpaka barabara ni kama mita 400, tuweke tiyo ya ngapi?

fundi_tiyo
Ya milimita 63. Muuzaji akileta ya 32 mukatae.