Kaka yake bibi alinyamaza tangu 1963, tumebaki na bahasha moja. Tuanzie wapi?

Mjukuu wa Kwanza

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri, hasa kwa waliowahi kufuatilia nasaba yao hadi wakampata ndugu aliyepotea.

Bibi mzaa mama anakaribia miaka 90. Kaka yake, baba mmoja mama mmoja, aliondoka kwa meli mwaka 1956 kwenda Uingereza akiwa na miaka 22. Barua zilikuja mbili tatu kwa mwaka, kisha 1963 zikakatika. Bibi hajawahi kumwita marehemu. Akimtaja husema "yuko huko", basi.

Tulicho nacho ni picha moja ya studio na bahasha tupu. Barua zenyewe zililiwa na mchwa. Stempu ilikatwa kwa mkasi, nadhani na mjomba aliyekuwa akikusanya stempu utotoni, na nusu ya muhuri wa posta ikaenda nayo. Zimebaki herufi nne, POOL, na chini yake tarakimu 63. Miezi miwili nimetafuta jina lake Liverpool mtandaoni, sijaambulia kitu. Nimewaza pia kipimo cha DNA, ila sijui apimwe nani. Bibi anazidi kuchoka na sitaki kuendelea kubahatisha.

Karani Mstaafu

Mwanangu, nimefanya kazi masijala miaka mingi, kwa hiyo naanza na hiyo bahasha. POOL si lazima iwe Liverpool. Kuna Blackpool, kuna Hartlepool, na Wales kuna Welshpool. Zima taa, imulike bahasha kwa tochi kutoka ubavuni, kisha uipige picha. Wakati mwingine muhuri huacha alama ya kubonyea hata pale wino ulipofifia.

Halafu jina. Karani huandika anachosikia. Hamisi anakuwa Khamis, Hamis, hata Amis. Jina la baba au la babu linaweza kugeuka jina la ukoo, kutegemea nani alijaza fomu siku ile. Chukua karatasi, andika kila namna jina lake linavyoweza kukosewa, na utafute kwa zote. Hapo ndipo wengi hukwama, wanatafuta tahajia moja tu wanayoijua wao.

Sensa usiitegemee. Kwa England na Wales, hata ya 1951, iliyofanyika kabla hajafika huko, itafunguliwa kwa umma 2052. Nenda kwenye faharasa za vizazi, ndoa na vifo. Tangu 1912 faharasa ya ndoa huonyesha jina la ukoo la mwenza, na tangu robo ya tatu ya 1911 ile ya vizazi huonyesha jina la ukoo alilozaliwa nalo mama. Kwa hiyo ukiipata ndoa yake, yachukue majina hayo mawili uwatafute watoto. FreeBMD ni tovuti ya bure kwa kazi hiyo. Ukiona ndoa inayofanana, agiza nakala ya cheti: kina jina na kazi ya baba wa bwana harusi. Jina hilo bibi atalitambua, maana ni la baba yake pia.

Msaka Nasaba

Mzee kasema vizuri. Niongeze kwamba orodha za abiria walioingia Uingereza kwa meli kutoka nje ya Ulaya na Mediterania, 1878 hadi 1960, zimehifadhiwa The National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa huko Uingereza. Ila muulize bibi kwanza: alikwenda kama abiria au kama baharia? Kama alikuwa mfanyakazi wa meli, kwenye orodha za abiria hutamwona.

Kuhusu DNA, mpime bibi, na msichelewe. Bibi na mtoto wa kaka yake wanachangia takriban asilimia 25 ya DNA. Wewe na mtoto huyo huyo mnachangia kama asilimia 6. Ukishuka hadi kwa mjukuu wa kaka yake, bibi bado ana asilimia 12 na nusu, wewe umebakiwa na 3 hivi. Kama mate yanamkauka, tafuteni kampuni inayotumia pamba ya kufuta ndani ya shavu. Mwelezeni vizuri kabla, akubali mwenyewe, maana matokeo huweza kufichua undugu ambao familia haikuujua. Na majina yatakayotokea ni ya waliopimwa tu. Ukipata data ghafi, ipandishe na kwenye tovuti nyingine zinazopokea, kama GEDmatch, ili wavu uwe mpana.

Pwani Tulivu

Chama cha Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu nao hutafuta ndugu waliotenganishwa na vita, majanga au uhamaji, bila malipo. Waulizeni kama suala lenu wanalipokea.

Nyota Njema

Mimi nilikuwa upande wa pili. Nilitafutwa.

Ujumbe wa kwanza niliupokea saa tano usiku. Ulikuwa mrefu, umejaa majina, na mwisho umeandikwa "sisi ni damu yako, tupigie haraka". Nikaogopa, nikajua ni matapeli. Nikaufuta. Mwaka mzima ukapita. Kisha ikaja barua fupi ya karatasi, na ndani nakala ya picha. Babu yangu akiwa kijana, amesimama kando ya kiti, na sikio la kushoto limechomoza kuliko la kulia. Sikio hilo analo baba, na mwanangu wa pili pia analo. Nilikaa chini sakafuni. Mwandishi alisema tu yeye ni nani, anamtafuta nani, na kwamba nisipotaka kujibu hatanisumbua tena. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nijibu.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiwapata, usitume mti wa ukoo mzima. Tuma hiyo picha. Usimwage majina yao hadharani, na kumbuka huenda hawajui kabisa kwamba baba yao aliacha dada nyuma.

Mama Wawili

Bibi umeshamuuliza kaka yake aliondoka na nani? Mjomba wangu alipotelea ughaibuni hivyo hivyo, na jina lake halikutusaidia hata kidogo. Tulimpata kupitia rafiki aliyesafiri naye, maana huyo ndiye aliyekuwa shahidi kwenye cheti chake cha ndoa. Vijana wa safari moja hupanga chumba pamoja, husimamiana harusi, huzikana. Watafute waliomzunguka.

Mjukuu wa Kwanza

Nimesoma yote, ahsanteni sana. Bahasha nimeimulika kama mzee alivyoelekeza. Kabla ya POOL kuna mstari mmoja uliosimama na miguu miwili iliyotawanyika. Naona ni K. Blackpool, basi.

Bibi amekubali kupimwa. Kuhusu safari amesema kaka yake alikwenda kufanya kazi melini, hakuwa abiria. Nilipomuuliza aliondoka na nani, alinyamaza hadi nikadhani amesinzia. Kisha akataja watu wawili. Wa kwanza kwa jina kamili, na la baba yake. Wa pili kwa jina la utani tu, akacheka kidogo. Sijawahi kusikia majina hayo nyumbani kwetu. Yote mawili nimeyaandika daftarini, pamoja na tarehe ya leo.