Duka limetuuzia mvinyo uliopikwa na joto, halafu linatuambia "waini ya zamani ndivyo ilivyo"!

Wadau, salamu. Nina hasira na sitaificha, kwa hiyo anayetaka uzi wa upole apite.

Jumamosi iliyopita tulikuwa wanne mezani kwangu Ntinda, watu tuliojuana tangu Makerere. Tulikuwa tumechanga kwa miezi mitano ili tuonje mvinyo mwekundu uliokomaa, ule ambao siku zote tunausoma tu. Mwenzetu mmoja alipanda basi kutoka Mbarara. Mke wangu alianza kupika saa tatu asubuhi: luwombo ya nyama iliyokaushwa kwa moshi, uyoga mkavu na karanga za kusaga. Majani ya mgomba aliyapitisha moja moja juu ya moto wa sigiri mpaka yakalainika bila kupasuka, akafunga kila fungu, akayapanga kwenye mvuke juu ya matooke. Chakula hicho hatukukibahatisha. Mvinyo mwekundu ukikaa vizuri miaka mingi, tanini zake, zile zinazokausha ulimi, hulainika, ukali wake huisha, na harufu ya matunda mabichi hugeuka ngozi, tumbaku, uyoga, udongo uliopata mvua. Kwa nyama ya moshi na uyoga, hapo ndipo kwake.

Duka ni la hapa Kampala, jina silitaji. Tulinunua chupa mbili za mvinyo mwekundu, Rioja Gran Reserva ya Hispania ya mwaka 2005 na Barolo ya Italia ya 2006. Jumla shilingi 950,000. Ndiyo, laki tisa na nusu.

Nilizisimamisha tangu Ijumaa ili mashapo yashuke chini. Nilipokata foili ya Rioja, kidole kilinata. Chini yake kizibo kilikuwa kimejisukuma juu kama milimita mbili, na ubavuni kina mchirizi mwekundu kutoka chini mpaka juu. Nikaumimina kwenye jagi la kioo. Rangi ya chai ya rangi iliyolala. Harufu? Sukari guru iliyoungua, zabibu kavu zilizochemshwa, na siki kwa mbali. Barolo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kizibo kilikauka kikabomokea ndani, na ulichokionja ni ukali mtupu. Mezani watu walinyamaza. Mke wangu aliweka glasi chini akaendelea kupakua chakula, hakusema neno.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linalonikera kuliko pesa. Yule wa Mbarara alikuwa amebeba chupa yake, Cabernet Sauvignon ya Stellenbosch ya 2004. Aliinunua mwenyewe Afrika Kusini na tangu hapo ameilaza kwenye kafriji ka mvinyo nyumbani, nyuzi 13. Ilifunguka safi! Kizibo kimelowa upande wa chini tu, mvinyo bado mwekundu katikati na pembeni umeanza kuwa rangi ya tofali, ladha inakaa mdomoni mpaka unasahau ulikuwa unasema nini. Meza hiyo hiyo, glasi hizo hizo, na ndiyo ya zamani kuliko zote. Basi msiniambie ni umri.

Jumatatu nilirudi dukani na chupa zote mbili. Muuzaji akanusa, akaniambia, "Ssebo (bwana), waini ya zamani ndivyo ilivyo, wengi hawajaizoea." Hawajaizoea! Nikainua macho. Chupa za bei kubwa zimesimamishwa rafu ya juu kabisa, chini ya balbu za moto, karibu na kioo kinachopigwa na jua la jioni. Nikamuuliza askari mlangoni kama kile kiyoyozi hulala kikiwaka. Akasema kinazimwa wakifunga.

Chupa ikisimama miaka, kizibo hukauka na hewa huingia. Joto likipanda, mvinyo hutanuka na kukisukuma kizibo nje, likishuka unavuta hewa ndani. Fanya hivyo kila siku. Gran Reserva kisheria hukaa angalau miaka mitano kabla ya kuuzwa, miwili kati ya hiyo kwenye mapipa ya mwaloni. Barolo ni zaidi ya miaka mitatu. Wazee wa Hispania na Italia walingoja muda wote huo, halafu mtu wa Kampala akaja kuuanika kama samaki wa mwalo wa Kasenyi na kutulipisha kwa ajili ya tarehe iliyo kwenye lebo.

Najua atatokea mtu wa kusema Uganda ni nchi ya joto, tena mzigo unatoka Mombasa kwa barabara zaidi ya kilomita 1,000. Sawa. Basi uza mvinyo mchanga wa kunywewa mwaka huu, ambao mwingi una kifuniko cha kuzungusha na hauna makuu. Ukitaka bei ya miaka 20, ilaze chupa, uifiche jua, uipe ubaridi usiopandapanda. Huwezi? Usiuze.

Pesa wamekataa kurudisha. Wamenipa "punguzo la asilimia 10" kwa ununuzi ujao. Ununuzi upi?

Vizibo vyote viwili ninavyo kwenye bahasha, na risiti pia. Alhamisi narudi kumwona mwenye duka mwenyewe. Aliyewahi kurudisha chupa mbovu hapa Kampala akalipwa, aniambie alimwonyesha nini.