Gapi wamejaa tangini: je, niwamwage mtaroni wakale viluwiluwi wa mbu?

Mama Rehema (Muheza)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri kuhusu gapi, wale samaki wadogo wa mapambo ambao dume ana mkia mpana wa rangi nyingi na jike ni wa kijivu tu. Mwezi wa pili mwanangu aliniletea gapi 5 kutoka Tanga mjini, madume 2 na majike 3, naye muuzaji alimhakikishia kwamba hakuna samaki asiye na usumbufu kama huyu. Tangi letu ni la lita 40, liko barazani, na lina pampu ndogo ya hewa inayopitisha maji kwenye sponji. Juu ya maji nimeweka magugumaji mawili kwa ajili ya kivuli, na mizizi yake imeshuka hadi karibu na mchanga. Chakula chao ni dagaa waliosagwa, kijiko cha chai asubuhi na kingine jioni.

Jana nilijaribu kuwahesabu. Nilipofika 70 nikapotea. Kila alfajiri nawakuta wote wako juu, midomo imegusa uso wa maji, wanatweta, kisha jua likishapanda wanatulia. Wiki iliyopita walikufa majike wawili. Mwezi mmoja nyuma niliwatoa madume wote nikawaweka kwenye ndoo, nikidhani kwamba kuzaa kutakoma, lakini wiki 3 baadaye jike mmoja alizaa tena mbele ya macho yangu.

Sasa jirani yangu, ambaye mbu wa mtaroni wamemchosha, ameniomba niwamwage humo kwa kuwa gapi hula viluwiluwi wa mbu. Mtaro huo unashuka hadi kijito cha bondeni. Je, ni jambo jema? Na kama si jema, nifanye nini na samaki hawa wote?

Mzee wa Matangi

Mama Rehema, usiwamwage. Nitaanza na tangi lenyewe, kwa sababu samaki wako wanateseka sasa hivi.

Kutweta alfajiri ni upungufu wa hewa ndani ya maji. Mchana mimea iliyozama, hata ule ukungu wa kijani kwenye kioo, hutoa oksijeni. Usiku kila kitu kinavuta na hakuna kinachorudisha, na maji ya joto la Muheza hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Magugumaji nayo yanaziba uso wa maji, mahali ambapo hewa ingeingilia. Ongeza juu ya hayo samaki 70 katika lita 40, na vijiko viwili vya dagaa kila siku. Chakula kisicholiwa na kinyesi chao huoza na kuwa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye sponji huigeuza kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, kisha nitrati, ambayo ina nafuu. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujenga makao katika tangi jipya, na hata wakishajijenga hawamudu mzigo wa namna hiyo.

Kwa hiyo leo badilisha robo ya maji, kesho kutwa robo nyingine, na baadaye robo kila wiki. Kama ni maji ya bomba yenye klorini, yaache kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia. Ikiwa una kisima chenye maji magumu, yale yanayoacha utando mweupe ndani ya birika, tumia hayo, kwani gapi huyapenda. Maji laini mno ndiyo yanayomdhoofisha. Sponji ioshe katika maji uliyoyatoa tangini, kamwe usiioshe bombani, maana klorini itawaua bakteria wote. Dagaa wapunguze mpaka kiasi wanachokimaliza ndani ya dakika 2, mara moja kwa siku.

Kuhusu kuzaa: kuwatoa madume hakusaidii. Jike wa gapi huhifadhi mbegu za dume mwilini na anaweza kuendelea kuzaa kwa takriban miezi 8 baada ya kupandwa mara moja. Hubeba mimba kama wiki 4, na jike mkubwa hutoa vifaranga 20, 40, pengine hata zaidi ya 100, walio hai na wanaoogelea papo hapo. Kwa kawaida gapi wakubwa huwala wengi wao, hata mama mwenyewe, ila wewe umewapa maficho: mizizi ya gugumaji ni pori zuri mno kwa kifaranga. (Gugumaji lenyewe ni mgeni wa kutoka Amerika Kusini aliyeisumbua Ziwa Viktoria kwa miaka mingi, ukilitoa, likaushe juani kabisa, usilitupe bondeni.)

Ninavyofanya mimi ni kubaki na madume watupu. Ndio wenye rangi, na tangi la madume haliongezeki. Kumtambua ni rahisi: pezi la chini, nyuma ya tumbo, kwa jike limefunguka kama kipepeo kidogo, kwa dume limekunjika likawa kijiti chembamba kinachoelekea mkiani. Katika joto letu kijiti hicho huanza kuonekana kifaranga akiwa na umri wa wiki 4 hivi, basi watenganishe hapo hapo, kwa sababu majike wachanga hupandwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Lita 40 zinatosha madume 12 hadi 15, wala usizidishe.

Mkulima wa Kilosa

Mzee wa Matangi amesema usiwamwage, lakini hiyo haina maana kwamba gapi asitumike kabisa dhidi ya mbu. Nyumbani kwangu nina tangi la saruji la kuvunia maji ya mvua, lenye mfuniko na lisilo na njia ya kutokea, ambamo nimeweka gapi 6 kwa miaka kadhaa, na sijaona kiluwiluwi ndani yake. Huko Kambodia pia waliwekwa katika mitungi ya maji ya majumbani ili kupunguza mbu wa homa ya dengi. Samaki aliye ndani ya saruji si sawa na samaki aliye mtaroni. Hata hivyo, nakubali kwamba mtaro unaoshuka kijitoni ni jambo jingine.

Mwanafunzi wa Viumbe Maji

Ndugu wa Kilosa ameligusa jambo lenyewe: tofauti iko kwenye njia ya kutokea. Naomba tu akague bomba la kumwagia maji ya ziada wakati wa masika, kwani kifaranga wa gapi ana urefu wa milimita 7 hivi na hupita kwenye wavu ambao mtu angeuona ni mdogo.

Gapi asili yake ni Venezuela, Guyana, Trinidad na maeneo ya jirani. Jina hilo ni la Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka vielelezo London kutoka Trinidad, na mwaka 1866 mtaalamu wa samaki Albert Günther akampa samaki huyo jina la Guppy, bila kujua kwamba Wilhelm Peters alikwisha kumwelezea mwaka 1859 kwa kutumia vielelezo vya Venezuela. Ndiyo maana jina la kisayansi, Poecilia reticulata, ni la Peters, ilhali mdomoni limebaki la Guppy. Tangu hapo amesambazwa kwa sababu mbili tu, mapambo na mbu, na leo ameota mizizi katika nchi zisizopungua 69 nje ya kwao. Huku kwetu ameripotiwa hata Ziwa Naivasha.

Mwaka 2011 mtafiti Amy Deacon na wenzake walichapisha jaribio ambalo kila mfugaji angepaswa kulijua. Walichukua majike wa porini na kumweka kila mmoja peke yake katika tangi la nje, bila dume. Baada ya miaka 2, zaidi ya nane ya kumi ya matangi hayo yalikuwa bado na jamii hai ya gapi. Kwa hiyo, Mama Rehema, huhitaji kumwaga 70 ili kuharibu kijito. Jike mmoja anatosha.

Wengi humchanganya gapi na gambusia, samaki wa kijivu kutoka kusini mwa Marekani ambaye naye alisambazwa duniani kwa ajili ya mbu. Gambusia ni mkorofi zaidi, hunyofoa mapezi ya samaki wenzake, huvumilia baridi kali, na yumo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Gapi hayumo katika orodha hiyo, lakini naye hula mayai na vifaranga wa samaki wenyeji, hugombania nao chakula, na huwaletea vimelea vya dukani.

Pwani yenu ina samaki wake wadogo. Katika madimbwi ya msimu ya Tanga huishi Nothobranchius palmqvisti, na Unguja ina Nothobranchius guentheri, ambao madume wao wana rangi za kumzidi gapi yeyote. Hao wana kinga moja: dimbwi likikauka wanakufa wote, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope hadi mvua ijayo, jambo ambalo gapi haliwezi. Kijito kisichokauka hakina kinga hiyo, na ndiko mtaro wako unakoelekea.

Kwa mbu wa mtaroni, jirani azibue taka ili maji yatembee, na panapobaki pametuama atumie viuadudu vya kibaiolojia vya viluwiluwi, kama vinavyotengenezwa Kibaha.

Mama Rehema (Muheza)

Nawashukuru sana. Jana nilibadilisha maji, na badala ya kuyavuta kwa mpira hadi mtaroni kama nilivyozoea, niliyaelekeza kwenye beseni jeupe. Nikainama nikatazama: macho madogo meusi, jozi kwa jozi, yakikimbia pembeni mwa beseni. Nilihesabu 9. Sijui ni wangapi nimewapeleka bondeni tangu mwezi wa tatu bila kujua.

Swali langu la mwisho ni gumu kidogo. Rafiki yangu mwenye tangi atachukua majike 10, naye nimemweleza yote, lakini wengine hawana pa kwenda, na kuna watatu wagonjwa waliopinda mgongo. Chooni sitaki kuwatupa.

Mpemba wa Karafuu

Dada yangu, chooni si pahala pake, wala kuwaacha nje ya maji wakifa polepole. Tumia mafuta ya karafuu, yale yale yanayowekwa kwenye jino linalouma. Ndani yake mna yujenoli, ambayo humlaza samaki usingizi, na ikizidi hamuamshi tena.

Weka samaki katika lita 5 za maji ya tangi lao. Pima mililita 2 za mafuta, uyatie kwenye chupa ndogo yenye maji ya vuguvugu, uifunge na kuitikisa mpaka yawe meupe kama maziwa, kwani bila hivyo yataelea juu tu. Mimina kidogo kwanza, subiri walale ubavu, kisha mimina yaliyobaki. Vifuniko vya matamvua vikisimama kabisa, ngoja nusu saa zaidi. Maji hayo mwaga kwenye udongo mkavu, mbali na kisima na mtaro, na samaki uwafukie. Wasipewe paka wala kuku.

Mama Rehema (Muheza)

Nimefanya jana jioni, wakalala ndani ya dakika chache bila kurukaruka. Nimewafukia chini ya mpapai. Tangini wamebaki madume 14, magugumaji yanakauka juu ya bati, na leo alfajiri niliwakuta wote chini, karibu na mchanga. Maji ya kubadilisha sasa yanakwenda kwenye mchicha, baada ya kupita kwenye beseni jeupe.