Ufilipino 1899: balishindwa juu prezida alikamatwa?

mutoto_wa_kamalondo:
Yambo bote. Niko na swali ya istwari. Ku kazi tulibishana na mwenzangu, anasema Bamerikani njo balitosha Bafilipino mu mikono ya Hispania, balibachunga muzuri mpaka uhuru ya 1946, na kama fujo ilikuwa, ilikuwa kidogo tu, ilimalizika wakati balikamata prezida Aguinaldo mu 1901. Miye sikubali juu hakuna mutu anatawaliwa na basoda ba wengine anakaa tu kimya. Balipigana kweli? Na kama balipigana, balishindwa namna gani na beko mu inchi yao?

kasapa_istwari:
Ndugu, uhuru balishatangaza mbele, tarehe 12/6/1898 kule Kawit, Aguinaldo mwenyewe. Mwezi wa 12 ya ule mwaka Hispania na Marekani bakaikala Paris, Hispania ikauzisha visiwa byote dola milioni 20. Bafilipino balituma mujumbe, Agoncillo, bakamufungia mulango. Basi unanunuliwa na beko banakuambia banakukomboa!

Vita ilianza usiku ya 4/2/1899 pembeni ya Manila. Mbele balipigana kijeshi kabisa, na mitaro na mistari, bakachapwa sana juu bunduki ilikuwa kidogo na masasi ilikuwa kidogo zaidi. Mwezi wa 11 Aguinaldo akaachana na ile namna, akasema kila jimbo lipigane kivyake, gerila. Hapo njo Bamerikani balianza kuona mambo. Muchana mutu analima muchele anasalimia patruyi inapita, usiku iko na bunduki. Hata bakubwa ba miji bale Bamerikani balikuwa banaweka wenyewe, bengi balikuwa banakusanya kodi na chakula na kutuma mu pori kwa bapiganaji. Yani serikali mbili ndani ya nyumba moja.

Yaya_Mado:
Kasapa umeruka ya kukamatwa kwake na ile njo inaniuma. Aguinaldo alikuwa amejificha Palanan, mbali kabisa kaskazini ya Luzon, kile kisiwa kikubwa kiko na Manila. Bamerikani bakanasa mubeba barua wake, bakasoma kama anaomba basoda. Sasa jenerali Funston wa Marekani akachukua Bafilipino ba Macabebe, bale balikuwa banatumikia Hispania tangu zamani, akabavalisha sawa bapiganaji ba Aguinaldo, yeye na bafisa banne bakajifanya bafungwa. Njiani chakula ikabaishia, njaa ikabapiga, na ni Aguinaldo mwenyewe alibatumia chakula njo bafike! Tarehe 23/3/1901 bakamukamata. Mwezi wa 4 akaapa utii kwa Marekani akaambia wenzake baweke bunduki chini.

Shiye ba Katanga hatuwezi kubacheka. 1891 Msiri, mufalme wetu, aliuawa Bunkeya na musafara ya Stairs, na mu ule musafara bazungu balikuwa ba kuhesabu ku vidole, bengine karibu bote ni bantu ba Zanzibar na pwani. Na Bafilipino balijimaliza pia bao kwa bao: jenerali Luna, ule alikuwa anajua vita kushinda bote, aliuawa Cabanatuan mwezi wa 6 ya 1899 na basoda ba upande wake.

mutoto_wa_kamalondo:
Yaya asante. Basi mwenzangu iko na haki? Akikamatwa vita inaisha?

kasapa_istwari:
Hapana hata kidogo. Jenerali Malvar akabeba kazi kule Batangas, jimbo la Luzon, na jenerali Lukbán iko ku kisiwa ya Samar. Na ule mwaka, tarehe 28/9/1901, mu mji ya Balangiga, Samar, bantu ba mji balishambulia kampani ya Bamerikani saa ya chakula ya asubui, kengele za kanisa zikalia, basoda 48 bakakufa. Kisasi chake sasa! Jenerali Smith wa Marekani akatoa amri Samar igeuke pori tupu na kila mutu anaweza kubeba silaha auawe, bakamuuliza kuanzia miaka ngapi, akasema kumi. Miaka KUMI. Balimupeleka mu korti ya kijeshi, azabu yake ni kuonywa na kupelekwa pansyo. Zile kengele Bamerikani balibeba, zilirudi Balangiga mwezi wa 12 ya 2018.

Lakini kama unatafuta kilichobavunja, angalia Batangas. Jenerali Bell wa Marekani alisukuma bantu bote bahamie mu kambi pembeni ya miji, na kilichobakia inje, muchele, nyama, nyumba, kikachomwa ao kikabebwa. Bantu bamejazana, chakula hakuna, magonjwa ikaingia, na kolera ya 1902 ikakuta bamelegea kabisa. Malvar alijitoa mwezi wa 4 ya 1902, na si juu alishindwa mu mapigano: hakukuwa tena mutu wa kumupa chakula. Bapiganaji kama 20,000 balikufa, na raia banahesabiwa kama 200,000, bengi na njaa na magonjwa. Hiyo njo "fujo kidogo" ya mwenzako.

mutu_ya_katuba:
Museme na mazuri basi. Shule je? Meli Thomas ilileta balimu Bamerikani karibu 500 mu 1901, leo Bafilipino banaongea kingereza banapata kazi dunia muzima.

Yaya_Mado:
Balimu balifika mwezi wa 8, Balangiga ni mwezi wa 9. Andika bintu byote mbili, sikatai shule.

Na wewe wa Kamalondo, ongeza hii: Roosevelt, prezida wa Marekani, alitangaza vita imeisha tarehe 4/7/1902, lakini mupiganaji Macario Sakay aliendelea. Basi bakatunga sheria mwezi wa 11 ya ule mwaka, mutu wa pori anaitwa jambazi, si mupiganaji tena. Sakay bakamudanganya na ahadi ya musamaha, akashuka mu 1906, bakamunyonga tarehe 13/9/1907. Ya Baislamu ba kusini, kama vita ya mulima Bud Dajo, ni istwari ndefu ya kwake, fungua swali ingine tutakuja.