Ukuta wenye neno SANGARA pale Kirumba: naomba kueleweshwa ufundi wa herufi na rangi zake

Mpita Njia wa Kirumba

Wanajamvi, habari za jioni. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikipita jirani na soko la samaki la Mwaloni, ambako upo ukuta unaotazama ziwa, na juu yake kijana mmoja wa hapa hapa Mwanza ameandika kwa rangi ya kupuliza neno moja tu: SANGARA. Kila herufi inakipita kimo cha mtu mzima, zote zimebanana kama samaki tengani, na bado nalisoma neno zima nikiwa ng'ambo ya barabara. Ndani ya herufi kuna rangi ya fedha inayogeuka taratibu kuwa bluu kuelekea chini, na kivuli chake ni cha rangi ya chungwa iliyokolea. Mwenzangu kazini anauita uchafu. Mimi naupenda, lakini nikiulizwa ninachokipenda naishia kusema kwamba ni mzuri, basi. Mtu akitaka kuithamini kazi ya namna hii aanze kutazama wapi, na hizo rangi zinafanya kazi gani? Naomba kuwasilisha.

Fundi wa Mabango

Ndugu Mpita Njia, nimekuwa nikiandika majina ya maduka, mitumbwi na daladala kwa brashi tangu mwaka 1998, na ukuta huo nimeusimamia zaidi ya saa nzima. Anza na herufi A. Neno hilo lina A tatu, na mwandishi mvivu angebuni moja kisha akairudia mara mbili. Huyu kijana ya kwanza ameiegemeza kwenye mgongo wa S, ya pili ameisimamisha wima na kuitanua miguu ili iwe nguzo ya neno zima, na ya mwisho mguu wake wa kulia ameurefusha, akaupinda kwenda juu, ukawa mkia. Hata hivyo zote tatu zinatambulika kuwa ndugu, kwa sababu unene wa miguu ni ule ule na mstari wa kati umeshushwa chini kwa kiasi kile kile. Ndiyo maana jicho lako halipotei: likishaijua A moja, hizo nyingine hulipokea lenyewe, na konsonanti zilizo katikati husomeka hata zikiwa zimepandana.

Baada ya hapo sogea karibu utazame mstari mweusi wa nje. Kwa kopo la kupuliza, ukienda polepole rangi hujaa mahali pamoja na kuchuruzika, na ukiuweka mkono mbali na ukuta mstari huota ukungu pembeni. Nilitafuta mahali alipopumzisha mkono kwenye S, nikapata kiungo kimoja tu, chini ya tumbo lake, na hata hicho amekifunika kwa tone la rangi nyeupe linaloonekana kama mng'ao wa maji. Mimi kwa brashi nisingeweza kuipinda S ya ukubwa ule kwa mikupuo miwili.

Mwalimu wa Sanaa, Nyegezi

Shikamoo Fundi. Umeshasema kuhusu herufi, nami niongeze kuhusu rangi. Bluu na rangi ya chungwa hukabiliana kwenye duara la rangi, na zikiwekwa bega kwa bega kila moja huikoleza nyingine. Hivyo kivuli hicho hakijawekwa kama pambo tu, ndicho kinachozisukuma herufi zitoke ukutani. Tazama pia kwamba mwanga wote umechukuliwa kutoka juu kushoto, na kivuli kimeangukia chini kulia katika herufi zote saba pasipo kukosea hata mara moja. Wanafunzi wangu wengi hulisahau jambo hilo wakifika herufi ya nne.

Kwa anayetaka asili yake, uandishi huu ulikua Philadelphia na New York mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1971 gazeti la New York Times liliandika habari za kijana aliyesaini TAKI 183, namba hiyo ikiwa ya mtaa wake. Mwanzo ilikuwa saini tu. Baadaye kidogo watu kama Phase 2 wakaanza kuzijaza herufi upepo na kuzipandanisha, na ukuta wetu ni wa ukoo huo. Dar es Salaam kuna kundi la Wachata, ambalo jina lake lenyewe linabeba neno chata, yaani alama ya mtu.

Muuza Rangi

Nawaheshimu wachangiaji, lakini nina mawili ya kusema. Kwanza, G haikufaulu. Ulimi wake umemezwa na mguu wa A inayofuata, na mwanangu wa darasa la tatu alisoma SANCARA. Pili, ukuta ule unatazama magharibi, na Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua la alasiri linaupiga kwa ukali mkubwa. Rangi ya chungwa ya makopo ya bei nafuu hupauka haraka kuliko bluu, na lipu ile haikupakwa praima. Chini ya R tayari imeanza kubanduka. Kazi nzuri namna hiyo ilistahili msingi bora.

Fundi wa Mabango

Kuhusu G nakubali kabisa. Nilikuwa nimeisoma kwa mazoea.

Mpita Njia wa Kirumba

Nawashukuru nyote. Jana nilikwenda tena na kukaa hadi giza. Jua lilipokuwa chini juu ya ziwa, kivuli kiliwaka mpaka nikadhani kimepakwa upya. Lilipokwisha kuzama, rangi ya chungwa ndiyo iliyotangulia kufifia, ikawa kama kahawia na kisha haikuonekana, ilhali bluu na fedha zilibaki zikionekana kwa dakika kadhaa bila kivuli chochote nyuma yake. Nilizihesabu A zote tatu. Na kwenye G nimeona kwamba ulimi upo, umechorwa kwa mstari mwembamba sana wa bluu juu ya bluu, ila ni lazima mtu asimame hatua tatu kutoka ukutani ndipo auone.