Aliyepona akiugua tena, kwenye SIR namweka wapi?

Habarini wakuu, natengeneza modeli ya korona, kwenye SIR (S wanaoweza kuambukizwa, I wanaoumwa na kuambukiza, R waliopona) mtu akishapona ndo basi, haugui tena. Sasa walioumwa tena Omicron (aina ya kirusi cha korona) ilipoingia Afrika Kusini Novemba 2021 nawaweka wapi?

Jibu 1: Mkuu rudisha mshale toka R kwenda S, inakuwa SIRS. Kinga ikidumu mwaka, mtu akiambukiza siku 10, R0 (watu ambao mgonjwa mmoja anawaambukiza pasipo na mwenye kinga) ikiwa 3, ugonjwa hauishi, unatulia kwenye (1 − 1/3) × 10/375 (375 ni siku 365 za kinga + 10 za kuambukiza), kama 1.8% ya watu wanaumwa muda wote.

Jibu 2: SIRS peke yake sikubali, Omicron haikusubiri kinga iishe, kirusi chenyewe kilibadilika kikaikwepa. Acha walio R waambukizwe wakiwa hukohuko, zidisha beta (kasi ya kuambukizana) kwa sigma (hatari ya aliyeshaugua ukilinganisha na asiyeugua). Sigma 0.4 mara R0 ya 3 ni 1.2, imezidi 1, kila mgonjwa anaambukiza zaidi ya mmoja, yaani hata kama wote wameshaugua mlipuko bado unaanza!! Wengi wanairuka hii na ndo muhimu.

Muulizaji: Asanteni sana, sigma naipataje kwenye data?

Jibu 2: Gawanya kasi ya maambukizi ya walioumwa kwa ya wasioumwa, wiki ileile. Ila wengi hawakupimwa mara ya kwanza, wamo kwa "wasioumwa" na wana kinga, so sigma itaonekana kubwa kuliko ilivyo.