Familia ya Babu Nansio

*Jumanne*

*Shangazi Kulwa, 19:02*
Habari za jioni wote. Nakumbusha tena. Jumamosi saa 3 kamili asubuhi tunakwenda kwenye kile kituo cha vifaranga vya samaki, Usagara. Wamekubali kutupokea bure ila tusizidi watu 15. Nauli ya Hiace mkubwa 5,000, mtoto 2,000. Naomba majina kabla ya Alhamisi.

*Shangazi Kulwa, 19:40*
Majina tafadhali.

*Shangazi Kulwa, 20:31*
Mmesoma watu 22, hajajibu hata mmoja.

*Kija, 20:40*
Shangazi, sato wa kukaanga watakuwepo au tunakwenda kuwatazama tu?

*Shangazi Kulwa, 20:41*
Ni vifaranga, Kija. Wengine hata punje ya mchele hawafiki.

*Kija, 20:41*
Basi nabeba kijiko 😂

*Mama Sabato, 20:43*
😂😂😂 Kija jamani. Wifi, niandike mimi na watoto 3. Nitapika maandazi.

*Shangazi Kulwa, 20:50*
Asante wifi. Wanne. Watoto waje na daftari, nasema kweli. Mwezi uliopita nilionyeshwa kazi yote. Sato jike anaatamia mayai mdomoni. Pale wanamfungua mdomo taratibu, wanatoa mayai, wanayatia kwenye chupa ambayo maji yanapanda kutokea chini, mayai yanachezacheza kama vile yako kwa mama yake. Wakishaanguliwa wanalishwa chakula chenye homoni wiki 3 hadi 4 ili wote wawe madume. Madume wanakua haraka, na bwawa halijai watoto.

*Kija, 20:52*
Madume watupu? Hosteli yetu hiyo 😂

*Mama Sabato, 20:52*
😂😂

*Shangazi Kulwa, 20:55*
Endeleeni kucheka, ila hili msiliruke. Maji ya yale mabwawa hayaachiwi kurudi Ziwa Victoria hivihivi, yanatuama kwanza kwenye bwawa la pembeni. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula ni mbolea, na mbolea ndiyo inayonenepesha gugumaji. Na wewe Kija, pikipiki unayooshea ziwani, mafuta yake yanakwenda wapi?

*Kija, 20:56*
Nimeingiaje tena hapo 🙈

*Sabato, 21:03*
Shangazi, tukichanga tukanunua vifaranga 100 tukawamwaga ziwani si samaki watarudi?

*Shangazi Kulwa, 21:10*
Hapana mwanangu, na umefanya vizuri kuuliza. Samaki wa bwawani anaweza kuingia na ugonjwa, au akazaana na wa ziwani damu ikachanganyika. Ziwa letu limeshamwagiwa wageni. Sangara alianza kuletwa miaka ya 1950. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amezagaa, na furu, wale samaki wadogo wa asili, wa mamia ya aina wakapotea. Hata sato huyu tunayemsifia ni mgeni wa miaka hiyohiyo. Mwenyeji ni ngege, na sasa amebaki kwenye vijiziwa vya pembeni, kama Kanyaboli kule Kenya. Muulize babu yako ngege alikuwa mtamu kiasi gani.

*Doto, 21:20*
Siku hizi unawajua samaki kwelikweli. 2018 ulikuwa unawajua hivihivi?

*Shangazi Kulwa, 21:21*
Doto, nipigie. Si humu.

*Doto, 21:22*
Nyavu zangu zilichomwa mwaloni watu wote wakitazama. Leo ndiyo tuongee pembeni?

*Mama Sabato, 21:24*
Jamani 🙏

*Kija, 21:25*
Ujumbe huu umefutwa

*Jumatano*

*Masanja Kigoma, 06:15*
Ndiyo naona sasa. Huku kwetu Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi 3, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Nililalamika sana, nikaingia na madeni. Lakini samaki naye anahitaji muda wa kuzaa bila kufukuzwa. Kulwa kaza buti. Mimi ni mbali, sitafika.

*Shangazi Kulwa, 06:20*
Asante kaka. Watu wa Sengerema, daraja la Busisi liko wazi, safari hii hakuna kisingizio cha kivuko. Mko wangapi?

*Mjomba Sengerema, 12:47*
👍

*Shangazi Kulwa, 12:48*
👍 ni wangapi mjomba?

*Simu ya Babu, 17:30*
Shikamooni, ni Nyanzala. Nimemsomea Babu yote kuanzia jana. Ametuma sauti, akasema niiandike na kwa maandishi asije mtu akasema hakusikia.

🎤 1:52

"Kulwa na Doto, wanangu. Wavu wa kokoro wa kwanza katika nyumba hii niliuleta mimi, ninyi hamjazaliwa. Tulikuwa tunauvuta watu kumi mpaka mchangani. Sato jike akibanwa anatema watoto. Walikuwa wanatapakaa pale kama pumba, tunawakanyaga tukiwawahi mama zao. Niliona, na sikuacha. Doto kazi ile aliikuta kwangu. Mwenye deni la nyavu zilizochomwa anidai mimi, asimdai dada yake. Ngege sijamtia mdomoni tangu mama yenu yuko hai. Jumamosi nakuja na meli ya asubuhi. Nataka nimwone huyo anayetoa mayai mdomoni mwa samaki na mama akabaki mzima."

*Mama Sabato, 17:58*
Shikamoo baba 🙏

*Masanja Kigoma, 18:10*
🙏

*Kija, 18:31*
Shikamoo Babu. Nitakupokea bandarini.

*Shangazi Kulwa, 19:15*
Shikamoo baba. Nimekusikia. Ila meli ya asubuhi haitakufikisha kabla ya saa 3. Niombe watusogezee saa 8 mchana?

*Mama Sabato, 19:22*
Wifi, saa 8 nina VICOBA. Labda watoto waje bila mimi. Maandazi nitawapa.

*Shangazi Kulwa, 19:24*
Na dereva wa Hiace ana safari nyingine mchana. Ngoja niongee naye. Mpaka sasa nina majina 7.

*Doto, 23:51*
Baba avuke Ijumaa. Atalala kwangu.

*Shangazi Kulwa, 23:52*
Sawa. Na wewe Jumamosi nikuandike?

*Alhamisi*

*Shangazi Kulwa, 07:05*
Doto?

*Shangazi Kulwa, 07:06*
Sengerema, bado nasubiri idadi.

*Mjomba Sengerema, 07:40*
👍